Mwindaji Aliyekuja Bwawani Kwetu

Kabla hujamshika bata, kata kucha. Hilo ndilo somo la kwanza, na wale wenu wa kucha ndefu za rangi nimewaona, msijifiche nyuma ya wenzenu. Kucha hukwama kwenye manyoya ya bawa, bata akijitupa manyoya yanavunjika, na bata wa bawa bovu hawezi kuvuka jangwa. Vua bangili. Saa nayo iache nyumbani, kwa sababu mtu anayetazama saa hushika bata vibaya.

Nimeitwa nije kuongea na nyinyi vijana wa mradi wa ndege kwa kuwa nimestaafu, na mtu akistaafu watu hufikiri ana nafasi. Sina. Nina vyumba vya kupangisha kule Shirere, wapangaji wangu ni wanafunzi, na kila wikendi nagombana nao juu ya redio. Lakini nilisikia habari ya tuta nikashindwa kukaa. Nimesikia kamati inakutana kabla mvua haijaanza, na kwamba wako wanaotaka tuta la bwawa likatwe, maji yaende zake, hapa palimwe mahindi. Basi nikafunga nyumba nikaja Lugari. Si mara ya kwanza neno hilo kusemwa. Mara ile nyingine nilikuwepo, na hiyo ndiyo nitawaeleza, mkinivumilia nikizungukazunguka, maana kazi hii sikuifanya kwa mstari ulionyooka.

Bwawa hili liliachwa na Mzungu aliyekuwa na shamba hapa. Wazazi wetu walipogawiwa vipande walilikuta limejaa, wakanyweshea ng'ombe, wakafulia nguo. Baba yangu alitoka Malinya na familia nzima, na mimi nimekua nikiwaona bata wadogo wakishuka hapa mvua za mwisho wa mwaka zikiisha. Dume akianza kubadilika huota ule mstari mweupe juu ya jicho, kama amepakwa chokaa. Nilidhani ni wetu. Niliajiriwa kwenye mradi wa ndege ndipo nikaambiwa hawa wamezaliwa Ulaya, kule kwenye barafu, na wanakuja kwetu kungoja baridi yao iishe. Nilikataa kuamini. Nilimwambia Daktari kwamba mnyama mdogo hivi hawezi, hata mimi nikienda Matungu na kurudi nalala siku nzima.

Daktari ndiye alikuwa mkubwa wetu, mama mmoja mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Aliniambia, "Rispa, kwa hivyo tunawavisha pete za namba miguuni. Usiniamini mimi, ngoja pete." Akanieleza kwamba nchi nyingi ambazo bata hawa wanapita zimekubaliana kuwatunza pamoja: huku kuna wanaovisha pete, huko kuna wanaohesabu, na kule kwingine kuna wanaowinda, lakini kwa kipimo, na mwindaji akipata pete anatoa ripoti. Nilimuuliza, wanaowinda? Akasema ndiyo, na wao wako ndani ya makubaliano. Hiyo sehemu ilinikaa kooni miaka mingi.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Shikuku, kwa sababu bila yeye hamngekuwa na hiyo mitego mnayoringa nayo.

Mzee Shikuku alikuwa mtegaji wa isindu, wale kware wadogo wa nyasi, huko kwetu Malinya. Nyinyi wengine mmezaliwa mjini hamjui. Mtegaji anasuka vitundu vya fito, ndani ya kila kimoja anaweka isindu anayejua kuita, halafu anavipandisha juu ya mti mrefu uliosimamishwa uwanjani, kimoja juu ya kingine. Alfajiri wale wa juu wanaita. Wa porini wanasikia wenzao, wanashuka kwenye nyasi chini ya mti, na huko chini ndiko vitanzi viliko. Nyumba ya mtegaji ungeijua kutoka mbali kwa huo mti. Mzee aliheshimiwa kwa mkono wake, na Daktari alipotafuta mtu wa kumfundisha kutega bila kuumiza, aliambiwa ni huyo tu.

Akaja. Akatazama bwawa, akatazama bata, akasema hiyo ni kazi ndogo. Kesho yake tukamkuta amesimamisha mti mrefu kando ya maji, na huko juu kabisa, ndani ya kitundu kikubwa cha fito, ameweka bata jike wa kufugwa aliyemwomba kwa jirani. Bata aite wenzake. Haki ya nani, tulikaa kwenye matete tangu alfajiri. Yule bata alitazama dunia kutoka juu kule, akaona imemzidi, akaficha kichwa chini ya bawa akalala. Bata wa bwawani walipoona kile kitu kinaning'inia angani walifikiri ni mwewe, wakaruka wote wakahamia mto Nzoia. Tulikaa siku kadhaa bila hata mmoja. Daktari nilimwona akigeuka upande ili acheke.

Mzee hakukasirika. Alikaa kando ya maji akivuta tumbaku, akaniambia, "Mukhana, binti yangu, isindu huita kutoka juu kwa sababu ni ndege wa nyasi, anataka kusikika. Huyu ni wa maji. Wenzake wanamtafuta majini. Nimempeleka mbinguni bure." Akamshusha, akamfunga mguu kwa kamba laini kwenye kigingi ndani ya maji ya kina kifupi, akamtupia mahindi, akaweka pembeni yake kizimba cha waya ya kuku chenye mlango. Bata akajisikia nyumbani, akaanza kelele. Jioni ile ile wa porini walirudi wakamsogelea, wakala mahindi, wakafuata mahindi mpaka ndani ya waya. Hivyo ndivyo mtego wenu ulivyozaliwa.

Kulikuwa na sharti moja, na hilo Mzee alitoka nalo Malinya: ndege anayeita haliwi. Akizeeka anakula bure, akifa anazikwa. Anakusaidia kukamata wenzake, basi huwezi tena kumgeukia na yeye. Kaka yangu aliwahi kumtamani yule bata wakati wa Krismasi, Mzee akamwambia aende akachinje baiskeli yake.

Kushika: mikono miwili, mabawa yamefungwa, vidole vimelala mgongoni. Usibane kifua. Ndege hupumua kwa kifua chote, ukikibana umemnyonga, na utafikiri ametulia kumbe anakufa. Pete lazima izunguke mguuni bila kukwama, na ncha zake zikutane kabisa, pasibaki hata nafasi ya unyasi. Mmoja anasoma namba kwa sauti, mwingine anairudia. Bata atakunyea, hilo halina dawa. Mimi nilinyewa mbele ya askofu. Na siku hizi mna vile vidude vya kumbebesha bata mgongoni, mnakaa mnamfuata bata kwenye simu kama mnafuata mchezo wa mpira. Vizuri. Lakini hakuna kidude kinachojivisha chenyewe, na betri ikifa pete bado iko.

Sasa tuje kwa Ivo.

Msimu mmoja Daktari alitupigia akasema pete yetu imeonekana. Bata niliyemvisha mimi, kwa mkono huu, alipigwa risasi kwenye ziwa moja huko kaskazini ya Ulaya, na mwindaji aliyempiga ameripoti. Nilifurahi na nikaumia, vyote kwa pamoja. Nikasema basi ni kweli wanatoka huko. Halafu nikasema, kwa hivyo huyu mtu amemla. Daktari akasema ndiyo, amemla, na anakuja kututembelea. Anataka kuona mahali pete ilipotoka.

Mkitaka kujua kwa nini niliogopa, jueni hali ilivyokuwa. Wakati ule ule kamati ya bwawa ilikuwa imeitisha mkutano wa kukata tuta. Mwenyekiti alikuwa Barasa, mkulima wa mahindi, mtu wa haki lakini mkali, na shamba lake lilikuwa limeguswa na maji upande mmoja. Alikuwa na uchungu wa kweli. Sheria ya nchi yetu inakataza kuwinda, na sisi wa mradi ndio tulikuwa tunazunguka tukiwaambia watu hata bata mmoja wa mboga usitege. Watu walikuwa wametii, wengi wao, wakinuna. Na sasa tunamleta aliyepiga bata huyo huyo kwa bunduki, tumkaribishe chai.

Nilimwambia Daktari, "Tuseme ni mtaalamu wa ndege. Si uongo mkubwa, anawajua ndege."

Akasema, "Hapana. Utamtambulisha wewe, na utasema ni mwindaji. Wakija kujua kesho, tutapoteza bwawa na jina pia."

"Daktari, bwawa tutalipoteza leo."

"Basi lipotee kwa ukweli."

Nilimkasirikia sana. Nilipika ugali siku ile, ukatoka na madonge, nikawapa hivyo hivyo.

Ivo alifika. Mtu mrefu, mikono ya mkulima, hakuwa na maneno mengi na Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kusukuma. Tulimpeleka bwawani kwanza. Alipomwona bata wetu amefungwa kamba pale kwenye maji akipiga kelele, alisimama. Kisha alikaa kwenye matope na suruali yake safi, akacheka mpaka machozi. Daktari alitutafsiria: babu yake alifuga bata jike wa kuitia, akimfunga vivyo hivyo kwenye kigingi, na nyumbani kwao bata huyo hakuliwa mpaka akafa kwa uzee. Mzee Shikuku akamsogelea, akamshika mkono, hakuuachia. Alisema, "Huyu ni mtegaji. Muache abaki na mimi." Wakashinda pamoja mchana kutwa wakionyeshana vifundo vya kamba, kila mtu kwa lugha yake.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la josho la zamani, pale ng'ombe wa Mzungu walikuwa wanaogeshwa dawa. Banda lilijaa. Nilisimama nikasema, "Huyu anaitwa Ivo. Ni mwindaji. Ndiye alipiga bata wetu, akarudisha pete."

Barasa akasimama polepole.

"Rispa, rudia nisikie vizuri. Huyu ndiye alikula?"

"Ndiye."

"Mimi watoto wangu wanakulanga obusuma, ugali wetu huu, na mboga ya majani, na bata wanaogelea mlangoni kwangu. Umeniambia nisiguse, nikasikia. Umesema ni ndege wa dunia. Kumbe dunia ni huyu?" Watu wakaanza kunguruma. "Mimi sichukii ndege. Lakini usiniambie ndege ni wa dunia yote halafu njaa ikuwe ya Barasa peke yake. Tukate tuta. Kila mtu akule kwake."

Alikuwa amesema kile kilichokuwa kooni mwangu miaka yote.

Ivo aliomba kusimama. Daktari akasimama kando yake kutafsiri, na nitawapa maneno yake jinsi nilivyoyashika.

Alisema Barasa ana haki ya kukasirika. Alisema kwao sheria inaruhusu kuwinda na kwetu inakataza, na yeye hawezi kutuambia hiyo ni sawa. Halafu akasema kwamba zamani kwao waliwinda mara mbili: bata wakiondoka kwenda kusini, na tena wakirudi, barafu ikiyeyuka. Ule uwindaji wa wakati wa kurudi ndio ulikuwa mtamu kuliko yote, mtu anakaa na baba yake ziwani baada ya baridi ndefu. Lakini pete na hesabu za nchi nyingi zilionyesha bata wanapungua, na wale wanaorudi ni wale wanaokwenda kutaga. Kwa hivyo chama chao cha wawindaji kikakaa kuamua kama waache.

Hapo Kukhu Nekesa, mama mzee kuliko wote pale bandani, akamkatiza. "Ati walikuwa wanapiga wenye mayai?"

Daktari akauliza. Ivo akasema ndiyo.

"Ingokho, kuku, akiwa na mayai hachinjwi," Kukhu akasema. "Hata mkwe akija. Mkwe atangoja. Hamkuwa na mama huko?"

Watu wakacheka, na Ivo alipotafsiriwa akacheka pia, uso umekuwa mwekundu. Akasema mama alikuwepo na alisema hivyo hivyo, lakini hawakumsikiliza.

Kisha akaeleza sehemu iliyomleta. Siku ya chama chao kuamua, baba yake alisimama. Baba yake ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Aliuliza, "Sisi tuache bunduki ili bata wafike salama wapi? Hao watu wa Afrika wakimwaga maji yao, sisi tutakuwa tumeacha kwa ajili ya nini? Kila mtu ale kwake." Ivo aliomba chama kisubiri. Wakakubali kuacha uwindaji wa kurudi kwa muda, mpaka atakapokuja kuona kama maji yapo, na baba yake akakataa kuongea naye msimu mzima.

"Kwa hivyo," akasema, "nimekuja kuuliza."

Barasa alikuwa bado amesimama. Nilikuwa namtazama usoni, kwa sababu kazi yangu, na jasho la Mzee Shikuku, na kila bata niliyemwachia kutoka kwenye kiganja hiki, vyote vilikuwa pale usoni pake. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe kutoka kwa mzee mwenzake wa mbali asiyemjua.

Akauliza, "Huyo baba yako, tukibakisha maji, ataacha?"

"Ataacha. Atalalamika mpaka kaburini, lakini ataacha."

"Kama mimi," Barasa akasema, akakaa.

Msidhani waliimba wakashikana mikono. Walibishana mpaka jua likashuka. Barasa alidai mambo, na alidai kwa ukali: bomba la kutoa maji chini ya tuta kwa bustani za sukuma wiki, birika la ng'ombe ili wasikanyage matete, na kwamba mradi uajiri watoto wa hapa na si wa kutoka Nairobi. Daktari alikubali pale pale, na nyinyi mlioajiriwa leo ni tunda la ukaidi wa Barasa, mjue hivyo. Upande wa shamba lake ulioguswa na maji haukurudi kamwe. Mpaka alipofariki alikuwa akiniambia si haki Ivo ale, yeye Barasa anuse tu, na mimi nilimjibu kila mara kwamba ni kweli, si haki. Lakini tuta hakulikata. Kesho yake alimtembeza Ivo juu ya tuta mwanzo hadi mwisho, akalipiga teke la kiatu kila mahali kuonyesha lilivyo imara, akasema, "Mwambie mzee wako. Mwambie umeonyeshwa na Barasa."

Yule mzee aliacha. Ivo alitueleza kwamba alikaa ziwani bila bunduki, amevaa koti lake la kuwindia, akiwatukana bata wakipita.

Sasa wote wameondoka. Mzee Shikuku tulimzika Malinya, na wanawe walisimamisha ule mti wake wa vitundu kando ya kaburi. Barasa hayupo. Daktari ni mgonjwa, anawasalimu. Baba yake Ivo alishakwenda. Huko kwao vijana wameanza kusema uwindaji wa kurudi urudishwe, kwamba wazee waliuacha kwa ajili ya hadithi tu. Huku kwetu, mwenyekiti mpya ni mtoto wa Barasa, na yeye ndiye anataka tuta likatwe. Simlaumu. Mbolea imepanda, shamba limegawanywa vipande vipande, na hakuwepo bandani siku ile, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hakuna aliyemweleza. Mtamweleza nyinyi.

Msiende kwake na picha za ndege. Nendeni na bomba linalovuja, mlirekebishe kabla ya mkutano. Nendeni na birika, limepasuka, nimeliona asubuhi nikaona aibu. Semeni ukweli wote, pamoja na ule wa kwamba wenzetu wanakula na sisi hatuli. Akikasirika, mwacheni akasirike. Baba yake alikasirika vizuri. Halafu mwelezeni kuhusu mzee wa ziwani aliyeuliza swali lile lile. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma, nisiposhindwa na magoti, na nitaongea mkikwama, ila sitaki mkwame.

Na jambo la mwisho. Kila mwaka bata wakishaondoka hapa, Ivo hunipigia simu chama chao kikikaa kuamua tena kama waendelee kuacha. Kiswahili hajui, Kiingereza chetu wote wawili ni kile kile cha kusukuma, kwa hivyo hatupotezi muda. Amejifunza neno moja, analisema, kisha ananyamaza kungoja, na huko nyuma yake nasikia watu wamenyamaza pia. Nimempa namba ya kikundi chenu. Mwaka huu itaita kwenu. Atasema, "Maji?"

Na nyinyi mtatazama dirishani kwanza, msiseme uongo, kisha mtamjibu: "Yapo."